Mlima Ukiwa Kushoto

Mara ya kwanza nilipomwona Isidori alikuwa anakuja, na kwa kuwa alikuwa anakuja sikuona kitu. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu nachambua maharage, mwaka mmoja baada ya kumaliza darasa la saba. Njia ya kutoka kwao hadi kwetu inapita ubavuni mwa mlima, na mtu anayetoka kule mlima unakuwa mkono wake wa kushoto. Nikaona kijana mrefu, blanketi begani, mwendo wa taratibu, mabega yamekaa sawa. Akampa baba shikamoo, wakaongea habari za dume la kulimia, akapewa maziwa, akanywa, akaaga.

Alipoondoka ndipo nilipoacha maharage. Yule kijana aliyekuja mzima alikuwa anarudi kwao akichechemea, tena vibaya, bega moja linazama na kuibuka, kama mtu aliyeumia hapo hapo kati ya mlango wetu na zizi. Nikafikiri ni mbwa wetu. Nikakimbilia jikoni.

"Mama, mgeni ameng'atwa."

Mama akachungulia, akarudi kwenye chungu chake. "Hajang'atwa. Huyo ni mtoto wa Philomena. Ndivyo alivyo akirudi."

Nilikuja kuelewa baadaye. Alipokuwa mtoto mdogo alipata homa, homa ikaondoka, lakini mguu wa kushoto ukakataa kukua pamoja na mwenzake. Ni mfupi kwa karibu upana wa kiganja. Mahali pa tambarare anachechemea kama mtu yeyote mwenye kilema hicho. Lakini huku kwetu, juu ya Dongobesh, tambarare haipo. Tunaishi ubavuni, tunalima ubavuni, hata kanisa limejengwa upande mmoja kwa mawe mengi ili lisimame. Kwa hiyo Isidori akiwa na mlima kushoto, mguu mfupi unakanyaga juu, mrefu unakanyaga chini, naye anatembea kama mimi na wewe. Akigeuka, mlima ukawa kulia, mguu mrefu uko juu na mfupi uko chini, anachechemea mara mbili ya kilema chake. Watu wa kwetu wamemzoea hivyo. Ukimwuliza mtu wa kijijini kama Isidori ni kilema atakujibu, "Anaenda au anarudi?"

Alipokuja kunichumbia, baba yangu mzee Akonaay alitikisa kichwa mbele ya wazee wote. "Huyu akija ni mtu mmoja, akirudi ni mtu mwingine. Nimpe yupi binti yangu?"

Isidori akajibu bila kuinua macho, "Baba, mpe huyu aliyekuja. Yule anayerudi nitamlisha mwenyewe."

Wazee wakacheka hadi mmoja akamwaga pombe. Nikaolewa.

Katika kulima hakuna aliyemshinda, na sisemi hivi kwa kuwa ni mume wangu. Plau ya ng'ombe inatupa udongo upande wa kulia, na mtu anayeishika anatembea mguu wa kulia ndani ya mfuo, ule mfereji unaoachwa na plau, na wa kushoto juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Wanaume wengine jioni wanashika kiuno. Yeye mfuo ulikuwa unamnyoosha. Akimaliza upande mmoja anazunguka shamba, hageuki kurudi alikotoka, na mfuo unabaki kulia kwake siku nzima. Nilikuwa namletea uji, nasimama kwanza namwangalia kabla ya kumwita.

Lakini kulima tu hakukumtosha. Miaka ile vijana wote wenye nguvu walikuwa wanashuka Hanang, kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Huko kulikuwa na matrekta makubwa kama nyumba, na kijana akirudi kwa Krismasi alikuwa na viatu na miwani ya jua. Isidori naye alishuka. Alirudi siku ya pili yake. Nilimwuliza imekuwaje. Akasema alikuwa anavuka uwanja kwenda ofisini, hajafika mlangoni, msimamizi akapiga kelele kutoka dirishani, "Hakuna kazi." Hakuulizwa jina. Hilo la jina alilirudia kwa muda mrefu, hata akiwa anakamua ng'ombe. "Hata jina, Mama Nicodemo."

Ndipo akajiunga na mgambo wa kijiji. Mwalimu wao alikuwa Hermani, mtu wa kwetu aliyewahi kuwa jeshini. Mazoezi yalifanyika penye malisho ya shule, na malisho hayo yameinama kama paa. Vijana walikuwa na utani wao. Hermani akiita "Mguu sawa," wote wanageuza shingo kumwangalia Isidori, na Isidori anasimama na mguu wake mrefu umeshuka mteremkoni, yuko sawa kuliko wote. Hermani alimpenda kwa sababu halalamiki. Mimi nilipenda kwa sababu alirudi nyumbani akiwa amechangamka. Sikufikiri zaidi ya hapo. Bunduki zenyewe zilikuwa za mbao.

Kisha ikaja vita na Uganda. Tuliisikia kwenye redio ya duka moja Dongobesh, watu wamejaa hadi barabarani, hakuna anayenunua. Baada ya wiki chache tukaambiwa kwamba wanamgambo wanahitajika, na kwamba mkubwa wa jeshi atapanda hadi kwetu kuwachagua.

Mimi sikuogopa. Niseme kweli, nilikuwa nawaonea huruma wanawake wenzangu. Nilikuwa na Nicodemo wa miaka mitatu na Imakulata mchanga wa kunyonya, na nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili ya ule mguu. Nani atampeleka vitani mtu wa mguu ule? Asubuhi hiyo Isidori alioga, akavaa shati la kanisani. Nikamwambia, "Usichelewe, nakupikia makande." Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya."

Mvua ilikuwa imekata barabara. Gari la yule mkubwa halikuweza kupanda, likabaki darajani chini, naye akatuma mtu aseme wanamgambo wamfuate huko. Hermani akawapanga mstari pale shuleni wakashuka wakiimba. Kutoka shuleni hadi darajani, mlima uko kushoto njia nzima.

Makande yaliiva, nikayaepua. Niliyafunika. Mwanaume aliyekuja mlangoni hakuwa Isidori, alikuwa mzee Sulle, balozi wetu wa nyumba kumi, amevua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama mkwe wako yupo?"

"Yuko zizini. Kuna nini?"

"Amechukuliwa."

"Nani amechukuliwa?"

"Baba Nicodemo."

Nikafikiri ameanguka, amepelekwa hospitali. "Amechukuliwa kupelekwa wapi, mzee? Ameumia wapi?"

"Hajaumia. Amechukuliwa jeshini. Wameshapanda gari, wanapelekwa kwanza huko chini Hanang, kwenye shamba la ngano, wanakusanywa huko na wa vijiji vingine. Yule mkubwa alikuwa amekaa juu ya gari anawaangalia wanavyokuja. Akanyoosha kidole, huyu, huyu, huyu. Mganga wao akawapima kifua na macho wakiwa wamekaa kwenye benchi. Basi."

"Na mguu?"

Mzee Sulle akageuza kofia mikononi. "Walikuwa wanakuja, mwanangu. Hakuna aliyerudi."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Sikumbuki niliuweka wapi, tuliutafuta kesho yake tukaukuta kwenye maji ya ndama. Nakumbuka nilikaa chini penye njia ya mlango, mahali watu wanapopita, na Nicodemo akawa ananipanda mgongoni akidhani ni mchezo. Nilikuwa narudia neno moja tu, "Isidori? Isidori huyu?" kana kwamba kijiji kina Isidori mwingine.

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Aliposikia alinawa mikono, akachukua Nicodemo, akasema, "Wewe shuka. Hao hawajui walichochukua. Mwambie yule mkubwa jambo moja tu, amwambie mwanangu ageuke. Akigeuka wataona wenyewe."

"Mama, atanikasirikia."

"Akukasirikie akiwa hapa."

Kesho yake nikapata lori lililokuwa linashusha viazi, mtoto mgongoni, blanketi la Isidori kwapani ili nionekane nimekuja kwa jambo. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Shikamoo afande. Mimi ni mke wa Isidori. Mume wangu ana mguu mfupi, mwambie ageuke. Ni maneno machache, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyakariri. Nilijua kabisa kwamba nikiyasema anarudi, na nikinyamaza anaenda.

Tulipopita Mogitu nchi ikalala. Sijui niseme vipi kwa mtu aliyezaliwa tambarare. Ardhi yote ilikuwa imewambwa kama ngozi ya ng'ombe juani, haina mkunjo, na mlima Hanang umesimama peke yake pembeni. Ngano ilikuwa imeshavunwa zamani, matrekta yalikuwa yanageuza udongo kwa ajili ya msimu mpya. Shamba moja lingemeza kijiji chetu chote na cha jirani. Niliposhuka kwenye lori miguu yangu yenyewe ilikuwa inatafuta mteremko.

Kwenye geti la shamba kulikuwa na mlinzi, Mbarbaig mmoja wa makamo, shuka jekundu na koti la serikali juu yake, rungu kwapani. Jina lake Gidahosh. Wao na sisi tuna utani wa tangu mababu, kwa hiyo hakunisalimu vizuri.

"Wewe Mmbulu, umepotea. Hapa hakuna mteremko wa kuegemea."

"Nimemfuata mume wangu. Yuko na hawa wa jeshi."

"Yupi?"

"Isidori. Mrefu, ana shati jeupe."

Akaangalia huku na huku. "Yule wa mwisho wa mstari? Anayetembea ndani ya mfuo?"

Nikasogea karibu naye.

"Mimi nimezaliwa nyuma ya ng'ombe," akasema. "Mnyama akipita naangalia miguu, sura baadaye. Tangu wamefika yule bwana hatoki ndani ya mfuo wa trekta. Wakikimbia kuzunguka shamba yeye anachukua mwisho, mguu wa kulia ndani, wa kushoto nje. Wakienda kula anakaa mpaka wote watangulie. Nimemwambia jana, wewe dume lako lina mguu mmoja mfupi, na mnunuzi hajaona. Akaniomba ninyamaze. Nimenyamaza. Si kazi yangu." Akanyoosha rungu. "Mkubwa wao ndiye yule anayetoka ofisini, leo anawakagua mwenyewe. Ukitaka mume wako, sema neno moja. Usipotaka, kaa hapo na wenzako."

Wanawake wengine walikuwa wamekaa penye seng'enge na vifurushi vyao. Sikukaa. Nilisimama nikamtafuta kwa macho.

Walikuwa wamepangwa pembeni mwa shamba lililolimwa, kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa mashine. Mstari mrefu wa wanaume, wengine mablanketi yamefungwa kiunoni, wengine hawana viatu. Naye yuko mwisho kabisa, kwenye ukingo, mguu wa kulia ndani ya mfuo. Kidevu juu. Nimelala na mtu huyu, nimezaa naye, nimemwona akifurahi na akilia kwa ajili ya ndama, lakini uso ule sikuwa nimewahi kuuona. Alikuwa anaangalia mbele kama mtu aliyeitwa jina lake.

Maneno yangu yakanitoka kichwani yote. Nikaanza kwenda hata hivyo, nikapita geti, na Gidahosh hakunizuia. Nilikuwa nimebakiza kama hatua za kuvuka uwanja wa kanisa, nimeshafungua mdomo niseme shikamoo, yule mkubwa akapiga sauti.

"Nyuma geuka. Mbele tembea."

Mimi sikuwa nimesema kitu. Naapa hivyo hadi leo, na Isidori ananiamini, ingawa aliporudi kutoka vitani aliniuliza hilo kwanza, kabla hajavua viatu.

Waligeuka. Mfuo ukawa kushoto kwake. Mguu mfupi ukaingia ndani ya shimo, mrefu ukabaki juu, na mwili wote ukaenda upande kama gunia linalodondoka kwenye gari. Akajaribu hatua ya pili. Mwenzake aliyekuwa nyuma akamparamia, wa nyuma yake naye akaparamia, mstari ukavunjika. Wengine wakacheka. Kisha mmoja mmoja wakaacha, kwa sababu yeye alikuwa ameinuka na kusimama wima, udongo kwenye shati la kanisani, mguu mmoja ndani ya mfuo.

Yule mkubwa akaja. Alikuwa mtu wa kwao mbali, Kiswahili chake laini, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wewe. Njoo hapa penye gari. Tembea nikuone."

Isidori akatembea. Pale penye gari palikuwa sakafu ya saruji. Kila mtu aliona.

"Huo mguu umefanya nini?"

"Ni mfupi, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto, afande."

Mkubwa akabaki mdomo wazi. Nafikiri alishtuka kuliko sisi. Akageuka kuwaangalia watu wake, akarudi kumwangalia Isidori. "Nani alikupitisha wewe?"

"Ni wewe mwenyewe, afande. Pale darajani."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Hermani akitoka kwenye mstari, amesimama kiaskari kweli kweli.

"Afande, mimi ndiye mwalimu wao. Kule kwetu huyu hana kilema. Kilema amekipata huku kwenu."

"Unanitania?"

"Hapana, afande. Kule nchi imeinama. Huku ndiko imelala."

"Vita haipiganwi kwa kupita mlima upande mmoja," akasema mkubwa, kwa sauti ya chini. Halafu akaniona mimi, nimesimama katikati ya uwanja na mtoto mgongoni, mahali ambapo mwanamke hakuwa na ruhusa ya kusimama.

"Na wewe mama, umekuja kufanya nini hapa?"

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Nimeuliza."

"Mimi ni mke wake. Nilikuja kukwambia kwamba ana mguu mfupi."

Isidori akaniangalia. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi.

"Basi tumeshaona," mkubwa akasema. "Mchukue. Nenda naye nyumbani, mama, na pole kwa usumbufu."

Nilikuwa nimepewa. Sikuhitaji hata kuomba. Nilichokifuata kilikuwa pale, hatua chache, na lori la viazi lilikuwa bado halijaondoka. Na Isidori alikuwa ameshainama anafungua kitambaa cha kijani walichowafunga mkononi, anakifungua polepole, fundo limekaza, vidole vinateleza. Hakuna aliyemsaidia. Nikakumbuka yule msimamizi wa dirishani.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Afande, hujamwuliza."

"Nini?"

"Hujamwuliza yeye. Ulimchukua hukumwuliza, sasa unamrudisha hujamwuliza."

Mimi, Genoveva, ambaye hata kwenye mkutano wa kijiji sijawahi kunyoosha mkono.

Mkubwa akamgeukia Isidori. "Haya. Nakuuliza. Jina lako nani?"

"Isidori Akwesso, afande."

"Unataka nini, Isidori?"

"Kwenda na wenzangu."

Yule mkubwa akavua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena. Akanyoosha mkono kuelekea shamba, lile kubwa lililokuwa mbele yetu, ambalo mwisho wake ulikuwa mstari tu. "Unaliona shamba hili? Chukua bunduki ya huyu askari, na lile sanduku. Zunguka lote. Nje ya mfuo, nakuona. Ukifika hapa nitakujibu. Ukichoka, kaa chini huko huko, nitatuma gari lije kukuchukua, na utaenda nyumbani na mkeo. Hakuna atakayekucheka."

Isidori akafunga upya kile kitambaa. Akapokea bunduki, akaweka sanduku begani. Akaondoka.

Huku kwetu mtu akiondoka unamwona hadi kona ya kwanza, basi, mlima unamficha, unarudi kwenye kazi zako. Pale hapakuwa na kona. Nilimwona akichechemea, nikamwona akiwa mdogo, nikamwona akiwa mdogo zaidi, bega linazama na kuibuka, linazama na kuibuka, na hakuwa anapotea. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuondoka namna hiyo. Jua lilipanda. Wanaume waliruhusiwa kukaa, lakini wengi walibaki wamesimama. Nilikaa na wale wanawake penye seng'enge, na hakuna aliyeniuliza kitu, ila mmoja alinipa maji.

Gidahosh akaja akachuchumaa karibu. Macho yake yalikuwa yanaona mbali kuliko yangu.

"Amefika pembe ya pili ya shamba," akasema. Baadaye akasema, "Amesimama."

Nikainuka. Nadhani wakati huo nilimwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja, na sijui alisikia lipi.

"Amekaa?"

"Hajakaa. Anahamisha sanduku bega lingine." Akaelekeza rungu lake. "Anakuja."

Mkubwa alikuwa ameingia ofisini, akala, akatoka, akaonekana amesahau, kisha akasimama na mikono nyuma. Isidori alikuja kwenye ukingo wa mwisho wa shamba jua likiwa limeshaanza kushuka. Mwendo wake ulikuwa ule ule wa kuondoka, haujaongezeka wala haujapungua. Ukanda wa katambuga, kile kiatu chake cha tairi, ulikuwa umemkata kifundo, damu imechanganyika na vumbi. Akaweka sanduku na bunduki chini penye gari, akasimama.

"Umechoka?" mkubwa akauliza.

"Nimechoka, afande."

"Sana?"

"Sana."

Mkubwa akatikisa kichwa taratibu. "Hawa wengine wangeniambia hawajachoka." Akaangalia kifundo kile, akaangalia uso. "Panda gari. Utakuwa na wabebaji. Na ukifika kule tafuta mtu mwenye kujua viatu akuongezee soli, mwambie nimesema mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimeshakubali kwamba atamkataa kwa upole, kwamba kuzungushwa kule kulikuwa njia ya kumpa heshima kidogo kabla ya kumrudisha. Niliwaona wenzake wakimvuta mikono kumpandisha, Hermani akimsukuma kwa nyuma, na mtu mmoja wa kijiji kingine akiwasogeza wengine apate kukaa. Wakampa nafasi kwenye ubao. Alipokaa, miguu yake ikiwa imening'inia, hakuwa tofauti na mtu yeyote kwenye lori lile.

Nikamfuata hadi kwenye bodi ya gari. Hatukuwa na mahali pa kuongea peke yetu.

"Mama Nicodemo," akasema.

"Baba Nicodemo."

"Yule dume wa upande wa kulia usimwazime mtu. Wanampiga kichwani."

"Sitamwazima."

"Na mwambie mama nimegeuka, wameona."

Sijui alijuaje maneno ya mama yake. Labda anamjua tu. Nilitaka kumwambia mengi, nikampa mkono wa mtoto aushike, kile kiganja kidogo, na injini ikawaka akauachia.

Malori ya jeshi yaliondoka yakifuatana. Vumbi likawa refu sana, na kwa sababu nchi imelala nililiona hadi mwisho kabisa, likawa kama moshi wa jiko la mtu mmoja. Wanawake wengine walikuwa wanalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimesimama najiuliza ni nani aliyesema yale maneno kwa afande, kwa sauti ile, kama ni mimi, na kama ni mimi nitamwambia nini mama mkwe Philomena nikifika.

"Umekuja kuchukua mume," Gidahosh akasema nyuma yangu, "umewapa kwa mikono yako."

Haukuwa utani, au kama ulikuwa utani hakucheka. Hapo ndipo Imakulata alipoanza kulia, kilio cha njaa, kikali, nikagundua kwamba gauni langu limelowa maziwa hadi kiunoni na kwamba sikuwa nimemnyonyesha tangu asubuhi. Nikaenda ukingoni mwa shamba, nikakaa juu ya udongo uliolimwa. Gidahosh akasogea, akasimama upande wa jua ili kivuli chake kimfunike mtoto, akageuza uso.